Toka Goma hata Ruwenzori: Njia ya Moto na Barafu

Ndugu wasomaji wa Kasongo na Kabambare, sisi watu wa Maniema ya kusini twazijua njia zetu. Udongo wake ni mwekundu, vumbi lake huingia hata ndani ya sanduku lililofungwa, na mvua inyeshapo lori hukwama katika tope mpaka vijana wa kijiji waje na majembe. Kuume na kushoto ni majani marefu, msitu, vilima vya hapa na pale, na mito iendayo Lualaba bila haraka. Nchi yetu ni nchi ya kale iliyokwisha tulia.

Lakini mashariki yetu, katika Kongo hii hii, iko njia ambayo ardhi yake haijatulia bado. Yaanza Goma, kwenye ziwa Kivu, chini ya milima itoayo moto. Yaenda kaskazini kupitia Rutshuru, Rwindi, Kanyabayonga, Lubero na Butembo mpaka Beni. Kisha yageuka mashariki na kuishia Mutwanga, chini ya Ruwenzori, mlima wenye barafu kileleni ingawa umesimama karibu kabisa na mstari wa Ikweta. Mwendo wote wapata kilometa 400. Nyakati za amani, wakati wa kiangazi, basi lililoondoka Goma alfajiri liliweza kufika Butembo jioni. Na mwenye motokari imara, aliyechukua chakula chake ili asisimamesimame, aliweza kuona moto wa mlima asubuhi na kulala Beni usiku ule ule. Ni njia chache duniani ziwezazo kumwonyesha mtu moto na barafu namna hiyo.

Siku hizi si njia ya matembezi. Kundi la M23 liliteka Bunagana mwezi wa Juni 2022, Kiwanja na Rutshuru mwezi wa Oktoba mwaka ule ule, Kanyabayonga mwishoni mwa Juni 2024, na Goma yenyewe mwishoni mwa Januari 2025. Upande wa Beni, tangu Oktoba 2014, waasi wa ADF wameua raia wengi mno mashambani, vijijini na barabarani. Kwa hiyo hatumwambii mtu afunge mizigo. Twamwalika aipite njia hii pamoja nasi kwa maneno, akiwa na ramani ya Kongo mbele yake. Maana mtoto ambaye vita vimemzuia asiijue nchi yake amenyang'anywa mali, ingawa mali hiyo haiandikwi katika orodha ya vitu vilivyoporwa.

Goma, mji wa mawe meusi

Mgeni afikapo Goma kwa mara ya kwanza hushangazwa na rangi. Kuta ni nyeusi, vumbi ni jeusi, na mawe ni meusi yenye matundu kama sifongo, tena makali kiasi cha kupasua soli ya kiatu. Mawe hayo huitwa lava, yaani mwamba ulioyeyuka ndani ya ardhi, ukatoka nje kama uji wa moto, kisha ukapoa. Wenyeji huyachonga na kuyapanga wapate kuta za nyua na misingi ya nyumba. Kuchimba choo huko ni kazi ya nyundo na mtalimbo, si ya jembe. Juu ya mawe hayo hupita chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, ambacho kijana hukipigia goti moja na kukisukuma kwa mguu wa pili, akichukua magunia ya viazi na makaa kutoka milimani. Watu wa Goma wanakiheshimu chukudu hata wamekisimamishia sanamu mjini.

Kaskazini ya mji, mwendo usiotimia kilometa 20, umesimama mlima Nyiragongo, mita 3,470 juu ya bahari. Kileleni pana shimo la mviringo lenye upana wa kilometa moja na zaidi, na ndani yake kwa miaka mingi palichemka ziwa la lava. Usiku anga la Goma lilikuwa jekundu, kana kwamba kijiji kizima kinaungua nyuma ya mawingu. Watoto wa huko walilala na mwanga huo dirishani kama watoto wetu wanavyolala na sauti ya vyura.

Volkeno nyingi za dunia hutoa lava nzito, iendayo polepole kama ugali unaomwagwa sufuriani. Mtu aweza kuikimbia kwa miguu. Ya Nyiragongo ni nyepesi kupita kiasi kwa sababu ina silika kidogo, ile mata iliyo nyingi katika mchanga na kioo. Kwa hiyo hutiririka kama mafuta. Tarehe 10 Januari 1977 ubavu wa mlima ulipasuka, na ziwa lote la lava likamwagika kwa muda usiotimia saa moja. Watu walikutwa mashambani na njiani, wasiweze kukimbia. Tarehe 17 Januari 2002 ardhi ilipasuka tena kuelekea mjini. Lava ilipita katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikala maduka, shule na maelfu ya nyumba, pamoja na kanisa kuu, kisha ikaingia ziwani na kuchemsha maji. Watu wapatao laki nne waliukimbia mji, wengi wao wakivuka mpaka kuingia Rwanda. Mara ya tatu ilikuwa Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021. Safari hiyo lava iliangamiza vijiji vya kaskazini, ikaikata barabara hii tunayoisimulia, ikasimama mbele ya mitaa ya mwisho ya mji. Watu wapatao 30 walikufa. Siku tano baadaye, kwa ajili ya mitetemeko iliyoendelea, serikali iliamuru mitaa kumi ya Goma ihamwe, na akina mama wakatoka usiku na watoto migongoni na magodoro vichwani, wengine kuelekea Sake, wengine Rwanda.

Mtu wa Kasongo atauliza: kwa nini wasihame kabisa? Jibu linaonekana sokoni. Ziwa lawapa samaki na njia ya kwenda Bukavu. Mpaka uko mlangoni pao. Mashamba yaliyo juu ya mji hayana mfano kwa rutuba. Baada ya mwaka 2002 watu walirudi lava ikiwa ingali moto, wakapima viwanja vyao juu ya mwamba uliozika nyumba zao, wakajenga tena. Tangu mwaka 1986 kiko Goma kituo cha uchunguzi wa volkeno, na kazi ya wataalamu wake ni kusikiliza mitetemeko ya mlima mchana na usiku. Lakini ni watu wachache, vyombo vyao vimeibwa au kuharibiwa mara kwa mara, na mwaka 2021 mlima ulitoka bila onyo.

Iko hatari nyingine, isiyo na mwanga wala sauti. Mahali pengine karibu na ziwa gesi nzito ya kaboni hutoka katika nyufa za ardhi na kujikusanya mabondeni, hasa usiku na asubuhi kabla upepo haujavuma. Mbuzi akiingia humo huanguka. Mtoto akimfuata mbuzi huanguka naye. Wenyeji hupaita mahali pa namna hiyo mazuku, na jina hilo limeingia hata katika vitabu vya wataalamu wa Ulaya na Amerika, kwa kuwa wao hawakuwa na neno lililo bora zaidi.

Ukuta wa milima minane

Tukiiacha Goma twapanda polepole kupitia Kibati, Kibumba na Rugari. Kushoto ni Nyiragongo, na nyuma yake Nyamulagira, mlima mpana wa mita 3,058. Huo hauna sura ya kutisha, lakini umetoa moto zaidi ya mara arobaini tangu wataalamu walipoanza kuhesabu katika karne ya kumi na tisa, na lava yake ya miaka ya 1938 hata 1940 ilitelemka mpaka ikafika ziwa Kivu upande wa Sake. Kuume yaonekana Mikeno, mita 4,437, wenye kilele kilichochongoka kama jino lililovunjika, na Karisimbi, mita 4,507, ulio mkubwa kuliko yote. Jina lake latokana na simbi, kwa maana asubuhi nyingine kilele chake huamka cheupe kwa mvua ya mawe. Mbele zaidi, mpakani mwa Rwanda na Uganda, wafuata Visoke, Sabinyo, Gahinga na Muhabura. Yote pamoja ni minane, nayo imejipanga toka magharibi hata mashariki kama ukuta uliojengwa kuziba bonde. Sita imelala, miwili ya magharibi iko macho.

Miteremko ya milima hiyo imo katika Hifadhi ya Virunga, ambayo wazee waliijua kwa jina la Parc Albert. Iliundwa tarehe 21 Aprili 1925, nayo ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza katika Afrika nzima. Sababu ya kwanza ilikuwa sokwe wakubwa wa milimani. Mwamerika Carl Akeley, aliyewahi kuwawinda kwa ajili ya nyumba ya makumbusho, aligeuka kuwa mtetezi wao, akafa mwaka 1926 kwenye miteremko ya Mikeno, akazikwa huko. Makao makuu ya hifadhi yako Rumangabo, kando ya barabara hii, kama kilometa 45 toka Goma. Walinzi wa hifadhi zaidi ya 200 wameuawa kazini. Ni vijana wa Kongo, wengi wao baba wa watoto.

Tusijifiche lakini: kati ya hifadhi na wakulima pana ugomvi wa siku nyingi. Lava ikioza kwa miaka mingi hugeuka kuwa udongo mweusi, laini, wenye kila chakula ambacho mmea wataka. Viazi, maharagwe, kabichi na mahindi hustawi huko mara mbili kwa mwaka bila mbolea. Basi watu wamejaa mpaka mpaka wa hifadhi, shamba kwa shamba, na mkulima asiye na nafasi ya kumgawia mwanawe hutazama msitu ng'ambo ya mpaka na kuhesabu. Goma nayo yapika kwa makaa, na makaa mengi hutoka katika miti ya msitu huo huo. Anayewalaumu wakulima peke yao hajala maharagwe ya Rutshuru, na anayewalaumu walinzi peke yao hajafikiri mito itatoka wapi msitu ukiisha.

Maji yaliyogeuzwa njia

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu milima hii inatuhusu sisi wa Lualaba kuliko tudhanivyo.

Zamani za kale, ukuta huu wa Virunga ulipokuwa haujawa mrefu, maji ya bonde la Kivu yalikwenda kaskazini, yakaingia ziwa Edward, kisha yakafuata mto Nili mpaka Misri. Volkeno zikatoka bondeni, zikarundika lava juu ya lava, zikaziba njia. Maji yakakosa pa kutokea, yakapanda na kupanda katika mabonde, ndiyo sababu pwani za ziwa Kivu zina ghuba nyingi kama vidole vya mkono, na ndiyo sababu kina chake hufika karibu mita 485. Mwishowe, yapata miaka elfu kumi iliyopita, ziwa lilifurika upande wa kusini. Mto Ruzizi ukazaliwa, nao ukateremsha maji mpaka ziwa Tanganyika.

Na Tanganyika humwagikia wapi? Katika mto Lukuga, utokao Kalemie na kuungana na Lualaba juu ya Kongolo. Kutoka Kongolo Lualaba hupita mlango ule mwembamba ambao Wabelgiji waliuita Portes d'Enfer, yaani Milango ya Jehanamu, kisha huja kwetu, hupita karibu na Kasongo, hupita Nyangwe, huenda Kindu, na hatimaye bahari ya Atlantiki. Ni sehemu ndogo tu ya maji ya Kivu ifikayo, kwa kuwa mengi hupaa kwa jua juu ya Tanganyika. Lakini hiyo ndogo yafika. Mvuvi wa Kasongo atupaye wavu wake anautupa katika maji ambayo volkeno iliyageuza kutoka Nili.

Habari hiyo ina jambo la ajabu ndani yake. Dakta Livingstone alikaa Kabambare miezi mingi ya mwaka 1870 akiugua miguu, kisha mwaka 1871 akafika Nyangwe, akautazama Lualaba na kufikiri kwamba huenda ndio Nili. Hakupata mitumbwi ya kuufuata, akarudi. Ndiye Stanley aliyeufuata kutoka Nyangwe mwaka 1876, akatokea baharini magharibi mwaka 1877, na hapo ikajulikana kuwa Lualaba ni Kongo. Livingstone hakuweza kujua kwamba ng'ambo ya milima, mbali mashariki, ziwa zima liliwahi kuwa la Nili likahamia upande wetu.

Uwanda wa Rwindi

Toka Rutshuru, kilometa 70 na zaidi kutoka Goma, njia yateremka. Hewa yapata joto, migomba yabaki nyuma. Mto Rutshuru waenda pamoja nasi kuelekea kaskazini, maana tumekwisha vuka ukuta, na kila tone tulionalo sasa ni la Nili. Mto huo una maporomoko, na huko Matebe, mwishoni mwa mwaka 2015, kilifunguliwa kiwanda cha umeme wa maji ambacho kimewasha taa hata Goma. Mbele zaidi pana mahali paitwapo May-ya-Moto. Jina lajieleza lenyewe. Maji hutoka ardhini yakichemka, ukumbusho wa kwamba moto ule wa milimani haujaishia milimani.

Kisha uwanda wafunguka: majani ya manjano, mikakaya ya hapa na pale, na mbele kabisa ziwa Edward likimetameta, mita 900 na kitu juu ya bahari. Huu ni sakafu ya Bonde la Ufa, mahali ambapo ardhi ya Afrika ilipasuka na kushuka katikati ya kuta mbili. Hapa walisimama nyati, tembo, nyamera na simba, na watu walitoka Ulaya kulala Rwindi ili wawaone. Wenye sifa kuliko wote walikuwa viboko. Katika miaka ya 1970 walihesabiwa viboko karibu elfu thelathini katika hifadhi hii; hakuna mahali pengine duniani palipokuwa na wengi hivyo. Baada ya vita vilivyoanza mwaka 1996 walibaki chini ya elfu moja. Waliuawa kwa ajili ya nyama na meno, wengine na waasi, wengine na askari wa serikali, wengine na watu wenye njaa.

Waliolia kwanza ni wavuvi. Kiboko hula majani usiku nchi kavu na kujisaidia mchana majini. Samadi hiyo hulisha vimelea vya maji, navyo hulisha tilapia. Viboko walipopungua, wavuvi wa Vitshumbi waliona nyavu zao zikipanda nyepesi. Uvuvi wa kupita kiasi nao ulichangia. Ni somo ambalo mwalimu aweza kulieleza darasani kwa dakika tano: aliyemuua kiboko uwandani alikuwa akila pia samaki wa mwaka wa mbele.

Kupanda Kabasha

Mwisho wa uwanda wasimama ukuta wa magharibi wa Bonde la Ufa, na barabara yaupanda kwa kona nyingi paitwapo Kabasha. Injini hunguruma, abiria hunyamaza, na kila kona yaonyesha uwanda ukizidi kuwa mdogo chini. Juu ni Kanyabayonga, penye baridi. Toka hapo njia yafuata mgongo wa milima kupitia Kayna, Kirumba na Lubero, katika nchi ya Wanande, watu wa bidii sana, waliolima kila mteremko uwezao kushika jembe: viazi, ngano, vitunguu, kabichi, na mikalitusi ya kujengea. Asubuhi ukungu hulala mabondeni, na watoto huenda shule wamevaa sweta. Kati ya Lubero na Butembo twavuka Ikweta, na mtu aliyedhani kwamba Ikweta ni mahali pa joto kuliko pote hufunga vifungo vya koti lake. Butembo ni mji wa wafanya biashara, uliokua kwa fedha za wananchi wenyewe. Kilometa 50 na kitu mbele ni Beni, na hapo twaanza kushuka kuelekea bonde la mto Semliki.

Mlima uliofichwa na mawingu

Toka Beni njia ya Kasindi yaenda mashariki, yavuka Semliki, na kando yake ni Mutwanga. Mbele yetu yapasa kuwa Ruwenzori, lakini mara nyingi hatutaona kitu ila mawingu. Mlima huu hujifunika siku nyingi za mwaka. Wazungu walipita karibu nao mara nyingi bila kujua. Stanley mwenyewe aliona weupe wa theluji mwaka 1888, naye kwanza alidhani ni wingu. Mwenye bahati hufika jioni baada ya mvua, pazia likafunguka kwa robo saa. Ndipo aonapo, juu sana kuliko mahali alipotazamia, meno meupe yakigeuka rangi ya waridi.

Kilele kirefu, Margherita, ni mita 5,109. Katika Afrika vinaushinda Kilimanjaro na mlima Kenya tu, na katika Kongo nzima hakuna kilicho juu yake. Jina hilo alilitia mwanamfalme wa Italia, Duke wa Abruzzi, aliyekipanda wa kwanza mwaka 1906, kwa heshima ya malkia wa kwao. Tofauti na Virunga, Ruwenzori si volkeno. Ni pande kubwa la mwamba wa kale lililosukumwa juu wakati ardhi ya pande zote mbili ilipokuwa ikishuka, kama tofali lililobanwa likachomoka.

Kwa nini pana barafu chini ya jua la Ikweta? Wanafunzi wafanye hesabu. Kila tupandapo mita elfu moja, joto hupungua kama nyuzi sita. Kutoka ziwa Edward mpaka kilele ni kama mita 4,200. Sita mara nne na kidogo ni ishirini na tano. Kama ziwani kuna nyuzi 25, kileleni zinabaki sifuri. Theluji inayoanguka huko haiyeyuki yote. Ya juu huikandamiza ya chini mpaka ikawa barafu ngumu ya rangi ya samawati. Barafu ikizidi unene, huanza kujongea kuteremka kwa uzito wake wenyewe, polepole sana, ikisukuma mawe na kusaga mwamba. Huo huitwa mto wa barafu.

Mpandaji atokaye Mutwanga hufuata bonde la mto Butahu. Hulala Kalonge, kama mita 2,140, kisha Mahangu, kama mita 3,300, kisha Kiondo, zaidi ya mita 4,200. Hupita msitu, kisha mianzi, kisha miti myembamba iliyofunikwa ndevu za kuvu mpaka kila tawi lafanana na mzee. Juu zaidi hukutana na mimea ambayo bondeni ni vijani vidogo, lakini huko imekuwa mirefu kuliko mtu. Na kabla hajagusa barafu yenyewe, macho yenye mafunzo huona nyayo zake. Bonde lililochimbwa na maji lina umbo la herufi V; haya ya juu yana umbo la U. Mwamba una mikwaruzo iliyonyooka, kama ubao uliopigwa randa yenye meno. Marundo ya mawe yamelala mahali ambapo hakuna mto uwezao kuyafikisha. Maziwa madogo, ambayo wapandaji waliyaita Lac Noir, Lac Vert na Lac Gris kwa rangi zake, yamejaa katika mashimo yaliyochimbwa na barafu. Miaka elfu ishirini hivi iliyopita, dunia ilipokuwa baridi zaidi, mito ya barafu ya Ruwenzori ilishuka mpaka kama mita 2,000, palipo na msitu leo.

Wakati huo huo watu walikuwapo. Huko Ishango, pale Semliki utokapo ziwa Edward, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mwaka 1950 mfupa mdogo wenye mikato iliyopangwa kwa makundi, wa umri wa miaka yapata elfu ishirini. Wengi wauhesabu kuwa miongoni mwa vyombo vya kale vya hesabu duniani. Umewekwa Bruseli. Basi mwanafunzi wa Kongo achukiaye hesabu akumbuke kwamba mtu fulani, kando ya ziwa hili, barafu ikiwa kubwa juu yake, alikuwa akihesabu kabla ya Wamisri na Wayunani.

Barafu hiyo inakwisha. Mwaka 1906 mito ya barafu ya Ruwenzori ilifunika kama kilometa za mraba 6 na nusu. Mwaka 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilometa moja ya mraba, nayo imeendelea kupungua na kukatika vipande. Sababu ni kwamba hewa ya dunia imepata joto, na joto hilo kwa sehemu kubwa hutoka katika moshi wa viwanda na magari ya nchi za mbali. Mito haitakauka kwa hilo peke yake, kwa kuwa mvua na msitu huilisha zaidi kuliko barafu. Butahu, uendeshao kiwanda kidogo cha umeme cha Mutwanga tangu mwaka 2013, utaendelea kutiririka msitu ukilindwa. Kitakachopotea ni barafu yenyewe, ya pekee tuliyo nayo Kongo. Wataalamu wengi waona kwamba watoto walio shuleni leo wataona mwisho wake.

Kazi ya nyumbani

Barabara hii si mapambo. Kwa miaka mingi ndiyo iliyopeleka maharagwe na viazi vya Rutshuru na Lubero, na samaki wa Vitshumbi, mpaka Goma, na kutoka Goma kwa mashua mpaka Bukavu. Kila mara bunduki zilipoikata, mama wa mjini alipunguza mafungu sufuriani, na mkulima wa Lubero akaona viazi vyake vikioza katika magunia.

Wanafunzi, chukueni ramani. Wekeni kidole Goma, mfuate njia kwenda kaskazini, mkitaja kila mji mpaka Mutwanga. Kisha rudisheni kidole ziwa Kivu, mteremke kwa maji: Ruzizi, Uvira, Tanganyika, Kalemie, Lukuga, Kongolo, Kasongo. Wazee mlio na jamaa Goma, Butembo au Beni, wengine wamekimbia mara mbili na mara tatu. Waulizeni habari za njia hiyo, waandikieni, na barua ikipata mtu wa kuichukua, itumeni.